Feni Ikipiga Kelele, Isikilize

Simu ikilia saa nane za usiku, moyo huruka kabla ya mkono kuinyanyua. Ndivyo ilivyonitokea Alhamisi moja mwezi uliopita. Nilidhani ni habari ya msiba kutoka nyumbani. Kumbe alikuwa mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye yuko mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja hapa jijini.

"Mjomba," akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "laptopu imekufa. Imekufa na kazi yangu yote."

Kazi yenyewe ilikuwa ripoti ya mradi wa mwisho, ile ambayo mwanafunzi asipoiwasilisha hahitimu. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Walimu wa Kiswahili wataniambia chombo hicho kinaitwa kipakatalishi. Naam, nawasikia. Lakini mpwa wangu usiku ule hakuwa na nafasi ya kutafuta msamiati, nami leo nitamfuata yeye. Laptopu hiyo mama yake aliinunua mwaka 2022 zamu yake ya chama ilipofika. Ni ya mtumba, moja ya zile ziletwazo kutoka Uingereza, nayo ilimla pesa zote za zamu hiyo asibakishe hata za sukari.

Nikamwuliza binti mambo yalianzaje.

"Mjomba, kwa miezi miwili imekuwa ikinguruma kama ndege za Wilson. Mwenzangu chumbani akawa analalamika kwamba hapati usingizi. Basi nikawa naiweka kitandani, halafu naifunika blanketi upande ule wa kelele."

Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako! Nilimwambia alale, asiiguse mashine hiyo hadi asubuhi. Lakini vijana hawana subira. Kulipopambazuka alikuwa tayari katika duka moja katikati ya jiji. Fundi aliiwasha, akaitazama ikizima yenyewe baada ya dakika tano, akatikisa kichwa. Madabodi imeungua, akasema. Shilingi 18,000, au anunue nyingine.

Mama yake alikuwa hajui lolote. Binti alimficha kwa miezi hiyo miwili kwa sababu alifahamu jinsi pesa zilivyopatikana. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua.

JOTO LATOKA WAPI

Kabla sijakueleza tulichokuta ndani ya mashine ile, natuelewane kwanza juu ya jambo moja. Umeme unaoingia katika kompyuta haupotei. Ukishafanya kazi yake, karibu wote hugeuka joto. Sehemu inayochemka zaidi ni prosesa, yaani ubongo wa mashine, kipande cha silikoni kisichozidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Laptopu nyingi nyembamba za ofisini huwa na prosesa iliyoundwa kutumia kama wati 15 kwa kazi ya kawaida. Zile za michezo na za kuhariri video hufika 45 na kupita. Wakumbuka zile balbu za zamani za wati 60, ambazo ukizigusa unaungua? Chukua robo ya umeme wa balbu hiyo, ulibane joto lake lote juu ya ukucha mmoja. Hiyo ndiyo hali ya prosesa siku zote iwapo kazini.

Joto hilo lazima liondolewe. Juu ya prosesa pana kipande cha shaba, na kati ya viwili hivyo hupakwa grisi maalumu ya kupitisha joto. Kutoka hapo mrija wa shaba hulibeba joto hadi pembeni, penye mbavu nyembamba zilizopangwa kama za rejeta ya gari. Feni huvuta hewa baridi kutoka chini, huipuliza katikati ya mbavu hizo, na hewa moto ikatoka kwa matundu ya ubavuni au ya nyuma. Jikoni tunatumia kipepeo kuuchochea moto. Humu ndani feni hupepea ili moto upoe.

Shida hii ina umri. Kompyuta nyingi za awali hazikuhitaji feni juu ya prosesa. Lakini kampuni ya Intel ilipotoa Pentium mwaka 1993, moto wake ulikuwa mkali kiasi kwamba ilihitaji kipozeo kizito na feni yake. Tangu hapo kelele zikawa sehemu ya maisha yetu. Ni kweli kwamba siku hizi zipo laptopu zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air ambayo Apple iliitoa mwishoni mwa mwaka 2020. Hata hizo hazikuepuka joto. Zikipata moto, hupunguza kasi tu.

NYUZI NGAPI NI NYINGI?

Ndani ya prosesa mna vipimajoto vidogo. Joto likipanda, feni huamriwa kuongeza mbio. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa mpaka wa nyuzi 100 za sentigredi. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi, na ndiyo maana kompyuta yenye joto huwa mvivu. Joto likizidi hapo, mashine hujizima ghafla ili isiungue. Wengi wetu hudhani kwamba imekufa, hali imejiokoa.

Ili upate picha, kumbuka kwamba hapa Nairobi, kwa sababu ya urefu wetu kutoka usawa wa bahari, maji hutokota katika nyuzi kama 94. Prosesa iliyofika 97 ni moto kuliko chai inayotokota jikoni mwako.

Kwa kuandika na kusoma, nyuzi 40 hadi 60 ni hali njema. Kwa kazi nzito kama mkutano wa video au mchezo, 70 hadi 85 si jambo la kukukosesha usingizi. Lakini ukiona inashinda juu ya 90 nawe unaandika barua tu, jua kuna kasoro. Ipo programu ya bure iitwayo Core Temp inayoonyesha nyuzi hizo katika kompyuta za Windows. Ipakue kutoka kwa wenyewe walioitengeneza, wala usiipate kwa marafiki.

Usisahau pia kwamba feni haina barafu. Hupoza kwa kutumia hewa iliyo chumbani, basi haiwezi kuifanya mashine iwe baridi kuliko chumba. Laptopu inayotulia Nairobi mwezi wa Julai italia kwa sauti Mombasa mwezi wa Machi, nayo haina ugonjwa wowote. Apple, kwa mfano, husema laptopu zake zitumiwe penye joto la nyuzi 10 hadi 35. Ndugu zetu wa Lodwar na Garissa wanajua kwamba huko kwao nyuzi 35 hupitwa mara nyingi. Na gari lililofungwa vioo juani hapa jijini ni tanuri tosha. Usiiache humo.

SAUTI ZA AINA NNE

Mpwa wangu alikosea pale alipodhani kelele ndiyo shida. Kelele ilikuwa taarifa. Sasa tujifunze kuisoma.

Ya kwanza ni mvumo wa upepo unaopanda na kushuka kadiri ya kazi. Huo ni uzima. Feni inafanya kazi iliyoajiriwa kufanya.

Ya pili ni mvumo mkali usiokoma, hata ukiwa hufanyi lolote. Ama njia ya hewa imeziba, ama kuna programu inayofanya kazi nyuma yako bila wewe kujua. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu na kiasi kila moja inachotumia. Mara nyingi utakuta ni kurasa 30 za intaneti ulizozifungua ukazisahau, au Windows inajisasisha. Lakini pia zipo programu za wizi, ambazo huja pamoja na michezo na sinema za kunakili bure. Hizo hutumia mashine yako kumchumia mtu mwingine pesa za kidijitali, nawe ulipie umeme.

Ya tatu ni kukwaruza, kugonga au kulia kama panya. Hapo feni yenyewe imechakaa, au kuna kitu kinagusa mapanga yake. Feni hubadilishwa, na bei yake si ya kuuza ng'ombe.

Ya nne ni kimya. Mashine ni moto hata huwezi kuiweka mapajani, nayo haitoi sauti yoyote. Ikiwa laptopu yako imeundwa kuwa na feni, kimya hicho ndicho cha kukutia hofu. Izime mara moja, uipeleke kwa fundi.

TULICHOKUTA NDANI

Jumamosi tuliichukua laptopu ile, mimi na mpwa wangu, tukaipeleka kwa fundi mmoja kijana mwenye kibanda mtaani Umoja. Nilimwomba atuwekee viti tuketi mbele yake, naye hakukataa. Hilo lilinipa imani naye kabla hajashika bisibisi.

Kwanza aliiwasha juu ya meza tupu. Nyuzi zikapanda hadi 97 huku ripoti tu ikiwa imefunguliwa. Akaizima, akaondoa waya wa umeme, akafungua mfuniko wa chini na kulichomoa betri. Kisha akaitoa feni, akatuita tusogee.

Kati ya feni na zile mbavu za shaba palikuwa na utando wa kijivu. Ni vumbi, nyuzi za blanketi na nywele, vyote vimeshikana vikawa kama kipande cha shuka. Aliuinua kwa koleo ukatoka mzima mzima. Mpwa wangu alishika mdomo. Feni ilikuwa ikipuliza ukuta! Kadiri ilivyokosa pa kupitishia hewa ndivyo ilivyoongeza mbio, na kadiri ilivyoongeza mbio ndivyo ilivyofunikwa blanketi.

Ile grisi juu ya prosesa nayo ilikuwa imekauka kama chokaa. Fundi aliifuta, akapaka nyingine kidogo mno, mfano wa punje ya harage dogo. Alipopuliza feni kwa mashine ya upepo aliyazuia mapanga kwa kijiti cha meno. Nilimwuliza sababu. Akasema feni ikizungushwa kwa nguvu kupita mwendo wake huharibika ndani, na wengi hutoka na feni safi lakini mbovu.

Tulilipa shilingi 1,500. Ilipowashwa tena ikakaa nyuzi 58. Tulipofungua video ikafika 76, ikasimama hapo. Madabodi haikuwa na ugonjwa wowote. Ripoti nayo ilikuwapo, isipokuwa kurasa tatu ambazo binti aliziandika usiku ule bila kuzihifadhi.

Sisemi kwamba kila fundi wa jijini ni mlaghai. Yawezekana yule wa kwanza aliona haraka akasema haraka. Lakini ukiambiwa madabodi imeungua, uliza maswali matatu: Je, umeifungua? Je, umesafisha feni? Je, umepima nyuzi? Asiyeweza kujibu hayo matatu hajafika kwenye madabodi.

UNAYOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Mengi hayahitaji fundi wala pesa.

Iweke mashine juu ya kitu kigumu. Matundu ya kuvutia hewa yako chini, na kitanda, mto, sofa na zulia huyaziba yote. Kama huna meza, tumia sinia au ubao. Ukiweka vifuniko viwili vya soda chini ya pembe za nyuma, utaipa nafasi ya kupumua. Mwanafunzi wa hosteli hawezi kushindwa na hilo.

Yasafishe matundu ya nje kwa brashi laini kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa. Usipulize kwa mdomo, kwa maana mate huingia ndani. Usiipeleke kwenye kituo cha petroli ipulizwe kwa upepo wa magurudumu. Upepo ule ni mkali mno na huwa na maji. Kama nyumba yako iko kando ya barabara ya vumbi, ifunguliwe na fundi kila mwaka. Kama haina vumbi, miaka miwili si mibaya.

Funga usichotumia. Katika mipangilio ya umeme chagua hali ya kuokoa umeme unapoandika au kusoma. Kompyuta nyingi za Windows vile vile hukuruhusu kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Ni kama mzaha, lakini asilimia hiyo moja huzuia prosesa kuruka kwenye kasi yake ya ziada, ile inayoleta moto mwingi. Kwa kazi ya kuandika hutahisi tofauti. Mpwa wangu hufanya hivyo usiku, na mwenzake sasa analala.

Lakini zipo programu za kuipunguzia feni mwendo kwa nguvu ili inyamaze. Jihadhari nazo. Kumnyamazisha mlinzi hakumwondoi mwizi.

Hatimaye, hifadhi kazi yako pengine. Flashi ya bei ndogo ingemwondolea binti huyu machozi ya usiku ule.

BETRI NA MAPAJA YAKO

Wazazi, hili lawahusu. Betri za lithiamu hazipendani na joto. Huzeeka upesi, na nyingine huvimba. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliagiza betri zipatazo milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony zirudishwe, kwa kuwa baadhi zilishika moto. Ukiona kipapasio kimeinuka, au mfuniko haufungi sawasawa, acha kuichaji. Usilibonyeze betri hilo wala usilitoboe. Mpe fundi alibadilishe.

Ngozi nayo huumia polepole. Mwaka 2010 jarida la madaktari liitwalo Pediatrics lilichapisha taarifa kutoka Uswisi juu ya mvulana wa miaka 12 aliyepata madoa paja moja. Alikuwa akicheza michezo kwa saa kadhaa kila siku, laptopu ikiwa mapajani. Haikumchoma siku moja, ila joto dogo la kila siku lilimwachia alama. Basi mtoto wako akiwa sofani na mashine hiyo mapajani, mwondoe aende mezani. Utakuwa umemhifadhi yeye na mashine.

KITAMBAA CHA MAMA

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa dada yangu kula chakula cha mchana, na binti akamweleza mama yake yote. Nilitarajia makaripio. Dada alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hivyo miezi miwili ulikuwa unaogopa vumbi?"

"Niliogopa bei, mama."

"Bei ningeijua mapema ningeitafuta mapema," akajibu, akaenda chumbani. Alirudi na kitambaa cha uzi alichokuwa amekifuma kwa mkono, cha rangi ya maziwa, kama vile vya kufunikia televisheni. Alikuwa amemfumia binti aifunikie laptopu yake.

Mpwa wangu alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akakipokea kwa mikono miwili na kumshukuru mama yake. Ni kitambaa kizuri. Mashine ikiwa imezimwa, kitaizuilia vumbi. Ikiwashwa, kikunjwe kiwekwe kando. Hivyo ndivyo binti anavyofanya hadi leo, na ripoti aliiwasilisha siku moja kabla ya mwisho.

Nawe msomaji, usiku wa leo nyumba ikishatulia, washa laptopu yako na uweke kiganja penye matundu ya kutolea hewa. Ukisikia upepo wa vuguvugu unatoka kwa nguvu, shukuru. Feni ikinguruma nawe huhisi upepo kiganjani, kesho asubuhi mtafute fundi, na umwombe akuwekee kiti mbele yake.